Mustang ya 1966 ya paa la kukunja na injini ya Nm 540: bodi iimarishwe vipi?

Swali: Habari fundi. Nina Ford Mustang ya 1966 ya paa la kukunja. Nimetoa V8 ya 289 iliyokuja nayo na naweka V8 ya inchi za ujazo 347, imepimwa torki (nguvu ya kuzungusha) ya newtoni-mita (Nm) 540. Giaboksi ni Toploader ya gia nne, uwiano wa gia ya kwanza ni 2.78, wa difu ni 3.50. Hata kwa injini ya zamani, nikipiga jeki upande mmoja mlango ulikuwa unakwama, na sasa rangi imepasuka kwenye kona ya chini ya nguzo ya kioo cha mbele. Wapo wanaoniambia nichomelee reli mbili chini ya sakafu, yatosha. Wengine wanasema bila kizimba cha mabomba ndani, bodi itapinda tu. Nianzie wapi?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Kwanza usichomelee kitu chochote. Mlango unaokwama gari likiwa juu ya jeki na rangi inayopasuka penye nguzo ni dalili za gari ambalo tayari limelegea kabla ya injini mpya kuingia. Ukilichomelea likiwa hivyo, utaukaza ulegevu wake uwe wa kudumu. Reli mbili ni sehemu ya jibu, wala si jibu lote. Kizimba nitakifikia baadaye, ila kwa gari la barabarani hakiko mwanzoni mwa orodha.

Tuanze na mzigo wenyewe, maana wengi hukosea hapa. Injini ikizungusha propela shafti upande mmoja, bloku inajisukuma upande wa pili, na vinavyoizuia ni maunti zake, yaani vishikilio vinavyoifunga kwenye bodi, pamoja na maunti ya giaboksi. Maunti hizo hazibebi torki ya krenki peke yake. Zinabeba torki inayotoka kwenye giaboksi: 540 mara 2.78, karibu Nm 1,500 ukiwa gia ya kwanza. Huko nyuma propela shafti hiyo hiyo inataka kubiringisha eksoli nzima, na eksoli inashikwa na springi za majani. Kwa hiyo pua ya gari inasukumwa kulalia upande mmoja na springi za nyuma zinaikatalia. Sehemu ya msokoto hurudi barabarani kupitia springi za mbele, haigusi sakafu. Iliyobaki hupita kwenye vizingiti (maboksi marefu ya bati chini ya milango) na sakafu hadi nyuma, na hiyo ndiyo inayokamua tundu la mlango.

Lakini Nm 1,500 zinafika tu kama matairi yanazishika. Gari lako likiwa na watu wawili lina kilo kama 1,450. Likiondoka kwa nguvu, matairi mawili ya kawaida ya nyuma yanasukuma takriban newtoni 8,000 kabla hayajateleza. Zidisha na nusu kipenyo cha tairi, mita 0.32, upate Nm 2,560 kwenye magurudumu. Gawa kwa 3.50 na propela shafti inabeba kama Nm 730 tu. Ili Nm 1,500 zote zipite, matairi yangetakiwa kushika newtoni zipatazo 16,400, na hiyo ni kazi ya matairi laini ya mashindano. Kwa hiyo tairi ndiyo inayoamua bodi yako itateswa kiasi gani, kuliko namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya injini. Ukibaki na matairi ya barabarani, kazi ninayoieleza hapa inatosha kwa nafasi nzuri. Ukifunga matairi ya mashindano baadaye, umeongeza mzigo maradufu bila kugusa injini. Na kuachia klachi ghafla injini ikiwa juu ni jambo jingine tena: flaiwili inamwaga nguvu yake yote kwa mpigo mmoja, na kwa muda mfupi mzigo unaweza kuipita hesabu hii. Sehemu kubwa ya mipasuko ya bodi huzaliwa katika mipigo hiyo.

Sasa kwa nini gari la wazi ni dhaifu. Paa la bati, nguzo zake na kioo cha nyuma hufunga boksi kubwa kuzunguka abiria. Paa likiondoka linabaki sinia lenye vizingiti viwili virefu chini ya milango. Ford walilijua hilo, ndiyo maana Mustang ya wazi ilitoka kiwandani na vizingiti vya ndani vizito zaidi, viimarisho chini ya sakafu na maboksi ya torki mbele pande zote mbili, yale yanayounganisha reli ya fremu ya mbele na kizingiti. Gari lako basi halikutoka kiwandani likiwa dhaifu kiasi hicho. Kilicholidhoofisha tangu 1966 ni kutu, na kutu ina namna yake ya kuua kizingiti.

Chukua boksi la bati la mm 150 kwa mm 100, unene mm 1.5, lililofungwa pande zote. Lipasue mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kana kwamba mshono wa chini umelika na kutu. Uzito haukubadilika, unene haukubadilika, lakini uwezo wake wa kukataa kusokotwa umeshuka mara 4,800 hivi. Boksi lililofungwa hukataa msokoto kwa eneo lote lililozungukwa na kuta zake, na lililopasuka hukataa kwa unene wa bati tu. Ndiyo maana fundi anayeongeza bomba nene juu ya kizingiti kilichofumuka mshono anafanya kazi ya bure. Funga boksi kwanza, ndipo uongeze chuma.

Pima kabla ya kukata

Kipimo ninachokuomba ukifanye kinachukua siku moja na kitakuokoa wiki. Toa milango au iache wazi kabisa, kwa sababu mlango uliofungwa na kitasa chake husaidia kukaza na kuficha ugonjwa. Kaza sehemu ya nyuma juu ya stendi mbili imara, zikae kwenye vishikio vya springi za majani, kushoto na kulia. Mbele, pitisha boriti ya chuma ya kukingama chini ya reli za fremu, usawa wa minara ya shokomzoba (maboksi ya bati yanayoshika springi na shokomzoba za mbele), ikae juu ya egemeo moja katikati ili iweze kucheza kama mizani. Kwenye boriti hiyo ning'iniza kilo 80 mita moja kutoka katikati. Hiyo ni Nm 785 za msokoto safi.

Chini ya gari weka geji za mshale sakafuni, jozi jozi, kushoto na kulia: kwenye minara ya mbele, kwenye nguzo ya bawaba, katikati ya kizingiti, kwenye nguzo ya kitasa, na kwenye jicho la mbele la springi ya nyuma. Geji mbili zikiwa mita 1.2 mbali, tofauti ya mm 2.1 kati yao ni digrii 0.1. Weka mzigo, soma, toa, rudia mara tatu. Mishale isiporudi sifuri baada ya kutoa mzigo, kuna kitu kinateleza: bolti iliyolegea, mshono uliofumuka, weldi za nukta zilizokatika. Kitafute kabla ya kuendelea.

Kisha linganisha sehemu na sehemu. Tuseme, kama mfano wa hesabu, msokoto wote ni digrii 0.30: 0.05 kati ya minara na nguzo ya bawaba, 0.19 kwenye tundu la mlango, 0.06 kuanzia hapo kwenda nyuma. Ugumu wa jumla ni 785 gawa kwa 0.30, kama Nm 2,600 kwa digrii, lakini namba hiyo ya jumla ndiyo isiyo na faida sana. Yenye faida ni ule mruko wa 0.19, kwa sababu unakuonyesha fedha na jasho viende wapi. Na mruko wa ghafla upande mmoja tu, kushoto bila kulia, karibu kila mara ni kutu ndani ya kizingiti cha upande huo.

Pima pia ulalo wa tundu la mlango, kutoka bolti ya bawaba ya juu hadi pembe ya chini ya nguzo ya kitasa, na ulalo wa pili, pande zote mbili. Andika na uhifadhi. Utavihitaji vipimo hivi kila siku ya kazi.

Gari likae vipi wakati wa kazi

Likae kama linavyokaa barabarani: nyuma liegemee eksoli yake, mbele liegemee mikono ya chini ya sasipensheni, injini na giaboksi vikiwa ndani, au uzito sawa na wake umewekwa mahali pake. Usiliegemeze katikati ya vizingiti, wala usilining'inize kwenye lifti ya nguzo mbili. Bodi ya wazi ikishikwa katikati, pua na mkia hushuka, na tundu la mlango hufunguka juu. Ukichomelea hapo, gari likirudi chini ya magurudumu milango haitafungika tena vizuri, na hakuna bawaba utakayoisogeza ikakurudishia.

Nafasi ya mlango ikishakaa sawa, mm 4 hadi 5 kote, chomelea brasi (vyuma vya kukazia) za muda za bomba la mraba la mm 25 kwa 25, unene mm 2, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, juu na chini. Ongeza moja ya kukingama kutoka upande hadi upande na nyingine ya ulalo. Kama bodi imeshaserereka, weka skrubu ya kukazia katikati ya brasi ya juu. Unaisukuma au kuivuta taratibu hadi vipimo vya ulalo vilingane, kisha unaifunga. Nusu milimita kwa siku inatosha, na bati la zamani linapenda subira.

Kabla ya cheche ya kwanza, toa tangi na mirija ya mafuta, kunja nyaya mbali, kata betri na alteneta. Ndani ya vizingiti vya miaka 60 kuna nta na gundi za zamani zinazowaka bila kuonekana, basi weka mtu na kizima moto, na akae hapo nusu saa baada ya weldi ya mwisho.

Kutu, na mahali pake

Kwenye Mustang za 1965 na 1966 anza na sanduku la hewa lililo chini ya kioo cha mbele. Linaingiza maji ya mvua, linaoza kwa ndani, na maji yanashukia sakafuni miguuni mwa dereva na abiria. Mpasuko wako wa rangi penye nguzo ya kioo uko jirani kabisa na hapo. Mimina maji kwenye matundu yake na uangalie yanatokea wapi. Ikiwa yanatokea ndani, kiungo cha nguzo na ukuta wa injini huenda hakina bati zima la kushikilia, na reli za chini haziwezi kukisaidia.

Vizingiti vigonge kwa nyundo ndogo urefu wote na uchome kwa msumari mgumu. Sauti ikibadilika kutoka mlio kwenda mfu, fungua. Kata hadi bati linalong'aa, usibandike bati juu ya kutu. Kizingiti kimoja kwa wakati mmoja, na cha pili usikiguse hadi cha kwanza kimefungwa chote. Ukivikata vyote viwili, hata brasi za muda hazitalishika gari lisijikunje.

Wakati kizingiti kiko wazi ndiyo nafasi yako pekee ya kukiongezea ukuta wa kati: bati la mm 2 lililosimama wima ndani, kutoka nguzo ya bawaba hadi mbele ya jicho la springi. Lishike kwa weldi za kujaza tundu, matundu ya mm 8 kila mm 40. Acha matundu ya maji ya mm 10 kwenye sehemu ya chini kabisa ya kila chumba. Kizingiti kisicho na njia ya maji kitaoza tena, mara hii kikiwa na chuma ghali zaidi ndani yake.

Reli, na mikono yake

Sasa tumefika kwenye reli ulizoambiwa. Kazi yake ni kuunganisha mwisho wa reli ya fremu ya mbele, inayokufa chini ya miguu ya dereva, na mwanzo wa reli ya nyuma, mbele ya springi. Kwa gari lako boksi la mm 50 kwa 75, unene mm 3, linatosha. Lina uzito kama kilo 5.5 kwa mita, basi reli mbili za mita 1.2 hazifiki kilo 14. Usinunue zilizotengenezwa kwa Mustang ya paa la bati. Sakafu ya gari la wazi ina viimarisho vyake chini, na reli hizo mara nyingi hukaa juu juu, fundi akazibana kwa bolti na kuondoka.

Reli iliyoshikwa miisho miwili tu hufanya kazi kidogo sana dhidi ya msokoto. Inatakiwa ishikwe na sakafu urefu wote, kwa vipande vya weldi vya mm 25 na nafasi ya mm 50, ukiruka ruka: kipande mbele kushoto, kinachofuata nyuma kulia, na mkono uweze kugusa bati kabla hujarudi pale. Ukichomelea mfululizo, sakafu itavimba kama kifuniko cha sufuria. Kwa mashine ya kuchomelea ya MIG tumia waya wa mm 0.8 na gesi ya agoni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi, na uelekeze moto kwenye reli ya mm 3, kisha uuvute kidogo kuelekea sakafu. Ukielekeza kwenye sakafu utatoboa.

Miisho ndiyo inayovunjika. Usikate reli wima na kuzungushia weldi ya kukingama juu ya reli ya kiwandani. Mstari huo unakuwa kama mkunjo wa karatasi, na mpasuko utaanzia hapo hapo. Kata mwisho kwa mshazari wa digrii 30 hadi 45, uweke bati la mm 3 lililochongwa kama mdomo wa samaki ili kusambaza mzigo kwenye kuta za reli ya zamani. Chomelea pande za urefu, na ule ukingo mfupi wa kukingama uuache bila weldi.

Hatua inayorukwa na wengi, na kwa maoni yangu ndiyo inayolipa kuliko zote, ni mikono ya kuunganisha reli na kizingiti. Tumia maboksi ya mm 40 kwa 40, unene mm 2, matatu kila upande: moja nyuma kidogo ya boksi la torki, moja chini ya kiti, moja usawa wa jicho la mbele la springi. Bila mikono hiyo una reli mbili na vizingiti viwili vinavyojipinda kila kimoja kivyake. Mikono ikiwepo una ngazi, na ngazi haikubali upande mmoja kupanda huku mwingine ukishuka. Kagua pia yale maboksi ya torki ya kiwandani. Yakiwa yamefumuka mshono na reli ya mbele, yachomelee upya kabla ya kuweka mikono.

Msalaba wa X chini ya giaboksi unasaidia sana msokoto. Utumie mabomba ya mm 40, unene mm 2.5, na uwe wa kufungwa kwa bolti, la sivyo siku ya kubadili klachi utaulaani. Kila bolti inayopita ndani ya boksi iwe na kibomba cha ndani cha kuzuia boksi lisijibane. Bolti za M10 za daraja 8.8 zikaze Nm 45 hadi 50. Bila kibomba hicho ukazaji hupotea wiki ya kwanza, na X inabaki mzigo wa kubeba tu.

Mbele na nyuma ya tundu la mlango

Ukiishia katikati, msokoto unahamia kiungo dhaifu kinachofuata. Mbele ni minara ya shokomzoba, ambayo kwenye Mustang ina tabia ya kuinamiana kwa miaka. Pima umbali kati ya minara, juu na chini, na ulinganishe na ramani ya vipimo ya gari kabla ya kufunga brasi. Kuna mbili unazozihitaji: brasi ya eksipoti, kipande kimoja kinachounganisha minara yote miwili na ukuta wa injini, na ba ya Monte Carlo inayokingama kutoka mnara hadi mnara. Matundu yasipolingana, usiyatanue kwa grainda. Irudishe minara mahali pake kwa jeki ya kulala kati yao, taratibu, kisha funga.

Maunti ya injini ya upande wa kushoto ndiyo inayovutwa juu unapokanyaga mafuta, na mpira wake hupasuka kwanza. Tafuta maunti zenye kufuli ya chuma ndani, ili mpira ukikatika injini isiruke. Maunti za chuma tupu sikushauri kwenye gari la wazi. Zinapeleka kila mtetemo kwenye nguzo ya kioo, palepale penye mpasuko wako.

Kwenye nguzo hiyo, baada ya kumaliza kutu, weka pembetatu ya bati la mm 2 ndani, pande zote mbili, kati ya mguu wa nguzo na ukuta. Kisha pitisha bomba la mm 38, unene mm 2.5, nyuma ya dashibodi kutoka nguzo ya bawaba moja hadi ya pili. Mtikisiko wa usukani utaupunguza kuliko unavyodhani.

Nyuma ya kiti cha nyuma kuna uwazi mkubwa kuelekea buti, na kwa bodi ni kama dirisha jingine. Bati la mm 1.2 lililokunjwa kingo, lenye matundu yaliyokunjwa midomo ili kupunguza uzito, likishikwa kuzunguka lote kila mm 50, linageuza uwazi huo kuwa ukuta. Kabla hujalichomelea, lifunge kwa skrubu na ulikunje paa mara tano. Vyuma vya paa hupita karibu sana na hapo, na ni bora ugundue kabla kuliko baada ya turubai kukatika.

Ukiongeza ba za kuzuia springi za majani zisijikunje, jua kwamba zinapeleka nguvu kubwa kwenye jicho la mbele la springi. Lizungushie bati la mm 3 pale. Aina ile inayotumia kipira cha kugonga sakafu juu ya difu iache, isipokuwa umeweka boriti ya kukingama juu yake. Inapiga sakafu kwa nguvu kutoka chini, na sakafu peke yake itapasuka. Weka pia kitanzi cha kuzuia propela shafti, karibu na kiungo chake cha mbele.

Kizimba

Upinde mmoja nyuma ya viti ni wa kulinda vichwa gari likipinduka. Kwa msokoto unaongeza kidogo sana, kwa sababu haugusi tundu la mlango. Kinachokaza kweli ni mabomba yanayotoka kwenye upinde kwenda mbele hadi mguu wa nguzo ya kioo, na hayo yanapita kando ya kichwa chako. Bila kofia ngumu, bomba hilo linaweza kukuumiza katika ajali ambayo ungetoka mzima. Kwa gari la barabarani ninapinga. Kwa gari la mashindano ni lazima, na miguu yake ikae juu ya bati la mm 3 lisilopungua mm 100 kwa 150, lililokunjwa likapanda ukuta wa kizingiti. Mguu uliokaa kwenye sakafu tupu utaitoboa.

Rudia kipimo, kisha linda chuma

Rudia kipimo cha kilo 80 kila hatua inapoisha: baada ya vizingiti, baada ya reli na mikono, baada ya X, baada ya ukuta wa nyuma. Kama lile 0.19 la tundu la mlango limeshuka hadi 0.10 na sehemu ya mbele imebaki 0.05, basi mbele sasa inastahili kazi zaidi kuliko mwanzo. Hatua isiyobadilisha usomaji hata kidogo ina kasoro: ama haijaungana vizuri, ama kitu jirani yake kinateleza. Brasi za muda zikatwe mwisho kabisa, na ulalo wa tundu la mlango upimwe kabla na baada. Ukibadilika zaidi ya mm 1, bodi ilikuwa imebanwa ikiwa na mvutano ndani, na ni afadhali ujue sasa.

Nyuso zinazogusana zipakwe praima ya zinki kabla ya kuunganishwa, ukikwangua pale tu weldi itakapoingia. Mishono yote izibwe kwa silanti baada ya chuma kupoa, na siku chache baadaye nyunyiza nta ndani ya kila boksi hadi itoke kwenye matundu ya maji. Kisha zibua matundu hayo kwa waya.

Kwa km 500 za kwanza usiachie klachi kwa kishindo. Baada ya hapo, na tena kwenye km 2,000, lala chini ya gari na taa: tazama miisho ya reli, miguu ya minara, kingo za jicho la springi, bolti za X. Mstari mwembamba wa kutu unaotoka kwenye rangi mpya ni mpasuko unaopumua. Ukiukuta, usiufunike kwa weldi. Tafuta ncha yake, toboa tundu la mm 3 hapo ili usiendelee, uchonge kwa umbo la V, uchomelee, kisha uweke bati la kusambaza mzigo lililokatwa kwa kona za mviringo, na urudishe gari kwenye kipimo uone ni kiungo gani jirani kinachoupeleka mzigo pale.